Mkataba wa kaboni wa miaka 30 na msitu wa kijiji: dunia imekubaliana nini hasa?

*"Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Tuna msitu wa miombo: mpingo upo, mninga upo, mkongo upo kidogo. Habari za wafadhili na misitu nazisikia tangu niko shule ya msingi. Walikuja Wafini, ikaja habari ya cheti, wakaja watu wa Norway na MKUHUMI, ule mpango wa kulipa misitu isifyekwe, wote wakaondoka. Mwezi uliopita imekuja kampuni, inataka kijiji kisaini mkataba wa kaboni wa miaka 30. Wanasema haya ni makubaliano ya dunia, nchi zote zimesaini, kwa hiyo kijiji hakina namna ya kukataa. Wazee wanasema tukisaini msitu umekuwa mali ya Umoja wa Mataifa. Vijana wanasema tusiposaini Ulaya itakataa ufuta na korosho zetu. Na kuna mfanyabiashara anatuambia mpingo umeshapigwa marufuku duniani, bora tuchukue ya kaboni kuliko kukaa na miti isiyouzika. Nani anasema kweli? Tusaini au tuache?"*

Ndugu katibu, salaam kwako na kwa wanakamati wenzako. Nianze na lile linalobana muda: msisaini bado. Sisemi msisaini milele. Kuna karatasi ambazo kijiji kinatakiwa kuwa nazo kabla ya kukaa meza moja na mnunuzi wa kaboni, yaani anayelipia hewa chafu ambayo msitu uliolindwa umeizuia kupanda angani, na kwa jinsi ulivyoandika nina wasiwasi hamjazikamilisha. Hukutaja popote kama msitu wenu umeshatangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Nitarudi hapo. Kwanza tuzitenganishe hizo hoja nne, maana zikiingia mkutano mkuu zimechanganyika hivyo, atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Tuanze na kampuni. Hakuna mkataba wa dunia wa misitu. Upo wa tabianchi, upo wa bioanuwai, upo wa kuenea kwa jangwa, upo wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wa misitu haupo, na haukukosekana kwa kusahauliwa. Mwaka 1992 nchi zilipokutana Rio de Janeiro, jambo hilo lilikuwa mezani. Nchi tajiri, Marekani ikiwa mstari wa mbele, zilitaka mkataba wenye nguvu ya kisheria. Nchi za Kusini, zikiongozwa na Malaysia na India, ziligoma. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: ninyi mlishafyeka ya kwenu mkajenga viwanda, leo mnataka kutupangia ya kwetu, na pesa ya kutufidia hamtaki kuitaja. Kilichotoka Rio ni Kanuni za Misitu, tamko ambalo lilitamka waziwazi kwamba halimfungi mtu kisheria, na ambalo linatambua haki ya kila nchi kutumia rasilimali zake kwa sera zake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vikao. Jopo la serikali mwaka 1995, jukwaa la muda mwaka 1997, kisha mwaka 2000 likaundwa Jukwaa la Umoja wa Mataifa la Misitu, ambalo lipo hadi leo. Mwaka 2007 jukwaa hilo lilipitisha waraka wa misitu ya aina zote, nao wa hiari. Mwaka 2017 ukaja mkakati unaotaka eneo la misitu duniani liongezeke kwa asilimia 3 ifikapo 2030. Ni maneno mazuri. Sijaona kati ya maazimio hayo hata moja ambalo mjumbe wa doria angeweza kulishika mkononi akamzuia mtu mwenye msumeno. Wakati vikao vinaendelea, kwa hesabu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, dunia ilifyeka misitu ya takriban hekta milioni 420 kati ya 1990 na 2020.

Kwa hiyo anayewaambia kwamba kijiji hakina namna ya kukataa, anawadanganya au hajui anachokiuza. Tena makubaliano ya dunia yaliyo karibu zaidi na biashara yake yanasema kinyume. Nchi zilipokubaliana Cancun mwaka 2010 juu ya mpango ule tunaouita MKUHUMI, ziliweka masharti ya kinga: kuheshimu haki na maarifa ya jamii za wenyeji, na kuwashirikisha kikamilifu. Ridhaa ambayo huwezi kuinyima si ridhaa.

Sasa wazee. Wamekosea kuhusu nani anachukua msitu, kuhofu hawajakosea. Umoja wa Mataifa hauna mamlaka juu ya hekta hata moja ya Ruangwa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa uwezo wa kutenga msitu wenu na kuusimamia wenyewe. Hakuna mkataba wa kaboni unaohamisha hayo. Ila mkataba unaweza kuwafunga mikono msitu ukiwa bado wa kwenu. Miaka 30 ni muda ambao mtoto anayezaliwa leo atakuwa ameshaoa na anatafuta pa kulima. Kama mmeahidi kwamba eneo fulani halitalimwa hadi huko, ahadi hiyo itamkuta yeye, si ninyi mliosaini. Wazee wakilisema hivyo kwenye mkutano, wasikilizwe.

La mpingo nalitaka kwa urefu kidogo, kwa sababu ndilo lenye hela karibu zaidi na mikono yenu, na ndilo linalopotoshwa kwa makusudi.

Mpingo haujapigwa marufuku. Mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulioandikwa Washington mwaka 1973, una orodha tatu. Ya kwanza ndiyo inayozuia biashara kama tunavyoijua kwa pembe za ndovu. Mpingo upo orodha ya pili. Uliingia huko kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, ukaanza kutumika Januari 2017, na kusema kweli mpingo wenyewe haukuwa mlengwa mkuu. Ndugu zake, miti ya jamii hiyohiyo ya Dalbergia, walikuwa wanaibwa kwa wingi Asia, Madagaska na Amerika ya Kati kwa ajili ya samani za anasa. Mbao zikishapasuliwa, afisa wa forodha hawezi kutofautisha huu na ule, basi jamii nzima ikaorodheshwa. Orodha ya pili maana yake ni kwamba mzigo ukivuka mpaka lazima uwe na kibali, na nchi inayouza iwe imejiridhisha kwamba mti umepatikana kihalali na uvunaji hauumalizi. Mwaka 2019 huko Geneva wapiga muziki walipata nafuu, vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vikaondolewa kwenye sharti la kibali. Mwaka 2022 huko Panama mninga na mkongo nao wakaingia orodha hiyo ya pili. Kwa hiyo miti yenu mitatu uliyoitaja yote ina masharti, na yote inauzika.

Mfanyabiashara anayewaambia vingine, ama hajui, ama anataka bei ishuke halafu arudi mwenyewe kununua. Mimi naelekea kwenye la pili.

Masharti haya hayakutoka hewani, na sisi wa kusini ni sehemu ya sababu zake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Rufiji ikapitika mwaka mzima na magogo ya Kilwa, Liwale na Rufiji yenyewe yakaanza kupanda barabarani kama maji. Taarifa ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba China iliandika kupokea mbao kutoka Tanzania mara kumi ya kiasi ambacho Tanzania iliandika kuuza huko, na kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyotakiwa kukusanywa yalipotea. Ukisoma takwimu ya namna hiyo unaelewa kwa nini ushirikiano wa kimataifa uliacha kuhangaika na mkataba mmoja mkubwa, ukageukia kwenye karatasi za mzigo: nani kakata, wapi, kwa ruhusa gani. Mwaka 2015 huko Durban, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Kwa sisi tunaopakana na Msumbiji kwenye Ruvuma, hilo si la mbali: gogo lililokatwa ng'ambo likipata karatasi za Mtwara, linashusha bei ya gogo halali la Ruangwa.

Uhalali wenyewe unaonekana kwa macho. Mpingo uliovunwa kwa utaratibu unagongwa nyundo ya alama kwenye kichwa cha gogo, na kisiki nacho kinagongwa. Kitabu cha kamati kinaandika namba ya gogo, urefu na kipenyo, halafu TP, kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, inafuata mzigo hadi kwenye geti la ukaguzi. Mkaguzi akitaka anaweza kutoka kwenye gogo lililoko Dar es Salaam akarudi hadi kwenye kisiki chenu. Kwa mnunuzi wa zumari za kizungu, yule anayelipa vizuri, njia hiyo ndiyo sehemu ya bei. Vijiji vya Kikole na Kisangi pale Kilwa vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, na mpingo ndio uliovipeleka huko.

Vijana na hofu ya ufuta na korosho: hapa naweza kuwa mfupi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na ufyekaji misitu inataja bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vinavyotengenezwa kutokana nazo. Korosho haimo. Ufuta haumo. Utekelezaji wake wenyewe umeshaahirishwa. Na korosho ghafi yetu kwa sehemu kubwa inakwenda India na Vietnam. Mbao ndizo zimo, kwa hiyo mpingo uliopasuliwa ukienda Ulaya utaulizwa umetoka kwenye eneo gani hasa na kama msitu wake ulifyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Hilo linajibiwa kwa kuwa na msitu wenye mipaka na kumbukumbu. Mkataba wa kaboni haulijibu.

Umeuliza pia, ingawa kwa mlango wa nyuma, kwa nini wote waliokuja waliondoka. Nadhani hili ndilo linalowauma zaidi kuliko yote.

Wafini waliondoka kwa sababu mradi una mwisho. Mradi wa RIPS walioufadhili Lindi na Mtwara ulikuwa wa maendeleo ya vijijini kwa ujumla, na misitu ilikuwa kipande chake. Ila angalia kilichobaki nyuma yao: Angai, pale Liwale, karibu hekta 140,000 zilizogawanywa kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Ilichukua miaka mingi ya vikao, mipaka na sheria ndogo, watu wakachoka, wengine wakakata tamaa. Lakini kilichobaki kimekaa kwenye sheria ya nchi, hakikuondoka na magari ya mradi.

Norway ni hadithi nyingine. Kuanzia mwaka 2005, Papua New Guinea na Costa Rica zilipeleka kwenye mazungumzo ya tabianchi wazo kwamba nchi za kitropiki zilipwe kwa kupunguza ufyekaji. Lilikubaliwa kuingia kwenye mpango wa mazungumzo huko Bali mwaka 2007. Mwaka 2008 Norway ikaahidi Tanzania krona milioni 500 kwa miaka mitano, na miradi tisa ya majaribio ikaanza, ikiwemo ya Lindi na Kilwa. Vijijini watu walielewa kwamba sasa tunauza hewa. Ukweli ni kwamba ile ilikuwa fedha ya kujiandaa na kujaribu: kupima, kufundisha, kulipa malipo ya mfano ili ionekane yanagawanywaje. Mnunuzi wa kudumu alitarajiwa atokee baadaye, kutoka kwenye makubaliano makubwa ya tabianchi. Kanuni za malipo zilipatikana Warszawa mwaka 2013, mkataba wa Paris ukaja 2015, lakini mfuko mkubwa uliosubiriwa haukufika vijijini kwa kasi iliyoahidiwa. Miradi ikafunga ofisi. Waliowaambia wanakijiji kwamba malipo yataendelea waliahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao.

Kinachokuja sasa ni cha tatu, na ni tofauti na hivyo viwili. Kampuni yenu si mfadhili. Inauza krediti, yaani hati za hewa chafu iliyozuiwa, kwa makampuni ya nje yanayotaka kufidia moshi wao, na inaishi kwa faida. Hilo si dhambi. Kuna vijiji vya Tanzania, mfano wale wa msitu wa Ntakata mkoani Katavi, ambavyo vimelipwa mabilioni ya shilingi kwa njia hii na kujenga madarasa na zahanati. Ila inabidi mjue bidhaa yenyewe inatengenezwaje.

Wanakamati watapima ploti, yaani vipande vidogo vya mfano ndani ya msitu. Mnafunga kamba katikati, mnaizungusha kupata duara, na kila mti ulio ndani unapimwa unene kwa futi ya kamba kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mmoja anataja jina, myombo, mtondoro, mninga, mwingine anaandika. Unene unaingizwa kwenye fomula, unatoka uzito wa mti ukiwa mkavu. Takriban nusu ya uzito huo ni kaboni. Ukiizidisha kaboni kwa 3.67 unapata uzito wa hewaukaa ambayo ingepanda angani mti huo ungeungua. Tani moja ya hewaukaa iliyozuiwa ni krediti moja.

Wengi wanapotea hapa: hamlipwi kwa miti iliyosimama. Mnalipwa kwa tofauti kati ya msitu ambao ungepotea bila mradi na uliopotea kweli. Tuseme eneo lenu lina hekta 10,000, na mwenendo wa nyuma unaonyesha hekta 100 zinafyekwa kila mwaka kwa mashamba ya ufuta na mkaa. Mkizuia mpaka zikafyekwa 20 tu, mnachouza ni hewaukaa ya hekta 80. Kijiji kilichoulinda msitu wake vizuri tangu enzi za mababu, ambako hakuna anayefyeka, hakina tofauti ya kuuza. Ni kasoro kubwa ya mfumo huu na sitaifunika: unamlipa zaidi aliyekuwa ukingoni mwa kuharibu. Halafu kuna makato. Kama wakulima wenu watahamia msitu wa kijiji jirani, sehemu ya krediti inafutwa. Sehemu nyingine inawekwa akiba ya pamoja kwa ajili ya majanga, moto ukiwa wa kwanza. Miombo yetu pia haina uzito wa hewaukaa kwa hekta kama misitu ya mvua ya Kongo. Na soko lenyewe linayumba: mwaka 2023 gazeti la The Guardian na wenzake walichapisha uchunguzi kwamba krediti nyingi za misitu zilizothibitishwa na Verra, msajili mkubwa kuliko wote, hazikuwa na upunguzaji halisi nyuma yake. Verra walibisha, lakini wanunuzi waliogopa na bei ikaporomoka.

Ninyi ni watu wa korosho, kwa hiyo nitawapimia kwa kipimo mnachokijua. Biashara ya kaboni ikienda vizuri inafanana na stakabadhi ghalani: mzigo unapimwa na asiye mnunuzi, unapewa daraja, unauzwa kwa bei inayoonekana, makato yanaandikwa moja moja, kinachobaki kinamfikia mkulima kupitia akaunti. Ikienda vibaya ni kangomba. Mtu anakuja wakati wa njaa, anatoa malipo ya awali, anafunga bei ya leo kwa mavuno ya miaka 30 ijayo, na mkulima anajua thamani ya mzigo wake siku umeshapita bandari ya Mtwara. Soma rasimu mliyopewa ukijiuliza inaelekea upande gani.

Mtaujua upande kwa vifungu vichache. Je, mgao wa kijiji unahesabiwa kutoka mapato ghafi, au baada ya kampuni kutoa gharama zake? Kama ni baada ya gharama, nani anazikagua? Bei itapitiwa upya kila baada ya miaka mingapi? Gharama ya kupima na ya mkaguzi wa nje ni ya nani mwaka ambao krediti hazikuuzwa? Moto ukipita, kijiji kinadaiwa? Uvunaji wa mpingo kwa mpango unaruhusiwa kuendelea, au mmeuza na haki hiyo bila kujua? Mgogoro utaamuliwa Tanzania kwa sheria ya Tanzania, au mahali ambapo nauli tu ya kufika inamaliza bajeti ya kijiji? Na rasimu iko kwa Kiswahili? Ikiwa ni ya Kiingereza peke yake, rudisheni. Siwezi kulipunguza makali hilo.

Sasa turudi kwenye karatasi zenu. Karibu nusu ya misitu ya nchi hii, ambayo jumla yake ni hekta milioni 48, iko kwenye ardhi za vijiji, na sehemu kubwa haijatangazwa kuwa hifadhi ya mtu yeyote. Tofauti ni kubwa mfukoni. Mti ukikatwa kwenye ardhi ya kijiji isiyotengwa, mrabaha unakwenda serikali kuu. Ukivunwa kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji uliotangazwa, kwa mpango wa uvunaji ulioidhinishwa, mapato ni ya kijiji. Njia ya kufika huko mnaijua kwa sehemu: cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi bora ya ardhi, mipaka iliyokubaliwa na majirani kwa maandishi, mpango wa usimamizi wa msitu, sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na baraza la madiwani. Inachosha, inakula posho na mafuta ya gari la wilaya. Lakini bila hiyo hamna msitu wa kuuzia kaboni wala mpingo. Mna pori ambalo kila mtu ana maoni nalo. Ninyi ni mashahidi kwamba Finland ilikuja ikaenda na Norway ikaja ikaenda. Atakachokikuta mgeni mwingine akija kubisha hodi ni tangazo la msitu wenu, kama mtakuwa nalo.

Mkishalipata, ushauri wangu ni kuanza na mpingo na mninga, kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho mpango wa uvunaji unaruhusu. Mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, hautaki pupa. Anza pia mara moja na jambo lisilohitaji mnunuzi: kuchoma mapema. Moto wa Mei na Juni, majani yakiwa na unyevu, unatambaa na kuacha mabaka. Wa Septemba na Oktoba ni mkali na unaua miche mingi. Moja ya miradi ya majaribio ya Kilwa ilijenga hesabu zake za kaboni juu ya tofauti hiyo. Cheti kinaweza kufuata, ila kwa kujiunga na kundi la vijiji, kwani ukaguzi wa kila mwaka hauwezi kubebwa na kijiji kimoja. Kaboni iwe ya tatu, na ikiwezekana mwingie na vijiji jirani kwa pamoja: gharama zinagawanyika na mkulima hana pa kuhamia. Kama ufyekaji kwenu ni mkali kweli, mashamba ya ufuta yanasogea kila msimu na mifugo inaingia, basi mkataba mzuri wa kaboni unaweza kuwalipa kuliko mbao, na nisingewazuia. Kama ufyekaji ni mdogo, usitegemee miujiza, hata kipeperushi kiwe na rangi gani.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haiyamalizi. Afisa misitu wa wilaya na afisa ardhi wafike, waione mipaka kwa miguu. Kampuni iulizwe kama mradi wake umesajiliwa kwa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022; kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, na Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira ndio wa kuthibitisha, si kadi ya biashara ya mgeni. MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, una wanachama waliopita njia hii na watawaambia ambayo kampuni haitawaambia. Mwanasheria wa halmashauri asome rasimu, lakini halmashauri nayo inaweza kuwa na mgao wake, kwa hiyo tafuteni jicho la pili: wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017 wapo wilayani na msaada wao ni bure.

Na kuna hali ambazo msisubiri kikao kijacho. Kama mna mgogoro wa mpaka na kijiji jirani, au kampuni imeomba kijiji kitoe fedha yoyote ya usajili, nenda wilayani wiki hii. Vivyo hivyo kama mwenyekiti au mtendaji ameshasaini kitu, hata kikiitwa barua ya nia au makubaliano ya awali. Barua za aina hiyo mara nyingi zina kifungu kinachowazuia kuzungumza na mnunuzi mwingine kwa mwaka au miwili. Ombeni nakala, angalieni tarehe, saini na kama kuna muhtasari wa mkutano mkuu ulioiidhinisha. Kama muhtasari huo haupo, mwambieni mwanasheria hilo kabla ya lingine lolote.